Maswali na majibu: Filamu ya uhalifu inayochekesha huku inauma, tuanze na ipi?

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zinauliza kitu kimoja: filamu ya uhalifu ambayo unacheka, na sekunde chache baadaye unajishika mdomo. Wengi wanaiita komedi nyeusi. Hakuna aina ya filamu ninayoipenda kuliko hii, na ninaona mara nyingi inaharibiwa na namna inavyotazamwa: imeanzishwa katikati, sauti haisikiki, na jirani anasimulia mwisho kabla haujafika. Kwa hiyo majibu yanahusu filamu ipi, na pia uitazame vipi.

Tuko wanne, kila Jumamosi tunakutana kuangalia muvi. Tumechoka na magari kufukuzana na majengo kulipuka. Tupe moja tu ya uhalifu, ichekeshe lakini isiwe ya kipuuzi. (Msomaji, Sakina, Arusha)

Anzeni na *Fargo* ya mwaka 1996, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen. Ina dakika 98 tu. Ilipata Oscar mbili, ya uandishi na ya mwigizaji bora wa kike, Frances McDormand.

Jerry Lundegaard ni meneja wa mauzo kwenye yadi ya magari mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Ana shida ya fedha ambayo hawezi kumweleza mtu yeyote. Baba mkwe wake ni tajiri. Jerry anasafiri kwenda kukutana na wahuni wawili baa, anawapa gari jipya na ahadi ya nusu ya dola 80,000, ili wamteke mke wake na mzee alipe. Huo ndio mwanzo wa filamu, na unaweza kumwambia mtu yeyote bila kumharibia.

Utamu uko kwa Jerry mwenyewe. Si jambazi. Ni baba wa familia aliyevaa tai, anayeongea kwa adabu na kutabasamu hata anapokuumiza. Mtazameni kwenye tukio la mteja anayegoma kulipia rangi ya kinga ambayo hakuiagiza. Jerry anasema ngoja nikaongee na bosi. Anaingia ofisi ya pili, anapiga soga na mwenzake kuhusu tiketi za mechi, kisha anarudi na punguzo la dola 100 kana kwamba amepigana vita. Kila aliyewahi kupatana bei na muuzaji wa "bosi yuko ndani" atacheka hapo, na atakuwa ameshamjua Jerry ni mtu wa namna gani.

Baadaye kidogo mpango wake mmoja unakataliwa na baba mkwe. Jerry anatoka peke yake hadi kwenye maegesho, kioo cha gari kimeganda barafu. Anaanza kuikwangua taratibu kwa kikwanguo cha plastiki. Ghafla anapandwa na hasira, anapigapiga kioo kwa nguvu zote, anatupa kikwanguo. Kisha anatulia, anakiokota, anaendelea kukwangua. Hakuna anayemwona, hakuna neno linalosemwa. Njia ya mwongo ni fupi, na pale unaona Jerry ameshafika mwisho wake na bado hajui.

Sasa angalizo. Polisi anayebeba filamu hii, Marge Gunderson, anaingia baada ya karibu nusu saa. Aliyezoea kumsubiri steringi tangu dakika ya kwanza anaweza kuzima kabla hajamwona, na huo ndio upotevu mkubwa kuliko wote. Marge ana mimba ya miezi saba. Anaamshwa na simu alfajiri kuwa kuna maiti barabarani, mumewe anaamka kumkaangia mayai, anakula, anaaga, anatoka. Mara anarudi ndani: gari la polisi limegoma kuwaka, linataka kubustiwa betri. Mauaji ya kutisha yamekaa meza moja na mayai na betri, na filamu haijifanyi kuwa hayo ni mambo mawili tofauti.

Mauaji ya kwanza yanakuja ghafla, usiku, barabarani. Wengine hapo husema "kumbe ni ya kutisha" na kuondoka. Waambie mapema kuwa damu ipo, tena si kidogo, ila haikai muda mrefu.

Mwanzoni wameandika kuwa ni kisa cha kweli cha mwaka 1987. Ni kweli? (Msomaji, Tengeru)

Hapana. Kisa kimetungwa. Yale maandishi ni sehemu ya hadithi, yamewekwa ili uyakubali mambo ya ajabu ambayo ungeyakataa kama ungeambiwa ni ya kubuni. Ukingoja majina yapite mwishoni kabisa, utakuta maelezo ya kawaida kwamba watu wote ni wa kutungwa.

Shikamoo. Nataka kuwaangalizia wazazi wangu filamu ya aina hiyo sikukuu hii, lakini baba ni mchungaji na mama hapendi damu. Baba pia anasema mtu akifa hakuna tena cha kuchekesha. Ipo ya kufaa? (Msomaji, Rau, Moshi)

Marahaba. Ipo, na ni miongoni mwa bora za aina yake: *The Ladykillers* ya Uingereza, mwaka 1955. Angalia mwaka vizuri unapoitafuta, kwa sababu ilirudiwa Marekani mwaka 2004 na ile ya pili ina matusi mengi. Ya 1955 ni ya rangi, ina dakika 91, haina matusi wala mambo ya chumbani.

Bibi mmoja mjane anapangisha vyumba nyumbani kwake jijini London, karibu na stesheni ya King's Cross. Anakuja mpangaji mstaarabu, anasema yeye na wenzake wanne ni wanamuziki, wanahitaji mahali pa mazoezi. Kumbe wanapanga kuiba fedha. Wakiwa chumbani wanaweka santuri ya muziki wa vinanda ipige, wao wanajadili wizi. Bibi anapogonga mlango kuuliza kama watakunywa chai, wanakurupuka kushika vinanda ambavyo hawajui hata kuvipakata. Tukio hilo linarudi mara kadhaa na kila mara linachekesha zaidi, kwa sababu bibi hana shaka hata chembe na anawahudumia kwa upendo wa kweli. Katie Johnson aliyemwigiza alipata BAFTA, tuzo kuu ya filamu ya Uingereza, kwa kazi hiyo.

Kuhusu hoja ya baba yako: mzee yuko sahihi kwamba kifo si kichekesho, na filamu nzuri za aina hii zinakubaliana naye. Tunachocheka ni tamaa, kiburi na mipango ya watu wanaojiona werevu. Kuna kipimo kimoja kinachosaidia. Angalia kama watu waliomo ndani ya filamu wanajua kuwa wanachekesha. Kwenye vichekesho vya kawaida wanajua, wanakutolea macho. Kwenye komedi nyeusi hakuna hata mmoja anayejua. Kila mmoja yuko makini na jambo lake, na umakini huo ndio unaomponza. Mwambie baba aangalie jinsi wale wezi watano wanavyopata tabu kumkosea heshima bibi mmoja. Nadhani ataipenda kuliko unavyotarajia.

Nyumbani kwetu ni filamu za Kihindi tu. Na wao wana hizi? (Msomaji, Kaloleni, Arusha)

Wanazo, tena nzito. *Andhadhun* ya mwaka 2018, ya mwongozaji Sriram Raghavan, dakika 139. Ilipata tuzo ya taifa ya India ya filamu bora ya Kihindi. Ayushmann Khurrana ni mpiga piano mjini Pune anayejifanya kipofu, kwa sababu zake. Anaalikwa kupiga piano kwenye nyumba ya nyota wa zamani wa filamu. Anafika, anafunguliwa mlango na mke wa mwenye nyumba, na ndani anaona jambo ambalo "kipofu" hapaswi kuliona.

Kinachofuata ni moja ya dakika bora kabisa za sinema ya karne hii. Anapiga piano, nyuma yake kazi ya kuficha uhalifu inaendelea kimyakimya, na yeye lazima macho yake yasionyeshe kitu. Hakuna mazungumzo. Tabu, anayeigiza yule mke, anamtazama kama paka. Msiruhusu mtu aongee hapo.

Mambo mawili ya kuzingatia. Filamu inaanza na sungura na mwindaji shambani, jambo linaloonekana halihusiani na chochote. Msiliruke wala msichelewe, linarudi. Pili, baada ya mapumziko hadithi inabadilika sana, inakuwa ya watu wengi wanaodanganyana kwa fedha, na kuna watakaosema imepotea njia. Mimi sisemi hivyo. Tamaa mbele, mauti nyuma, na sehemu ya pili inawaonyesha hata watu wema wakijipanga kwenye foleni hiyo.

Mkiipenda, rudini nyuma hadi *Jaane Bhi Do Yaaro* ya mwaka 1983, ya Kundan Shah. Wapiga picha wawili maskini wanasafisha picha walizopiga, wanaikuza moja na kugundua kuwa imenasa mauaji. Yanayofuata ni maiti isiyotulia, makandarasi wala rushwa, na mchezo wa Mahabharata, hadithi ya kale ya Wahindi, unaovurugika jukwaani mbele ya hadhira. Picha yake ni ya zamani na mwanzo ni wa polepole, lakini ile sehemu ya jukwaani inawaangusha watu chini kwa kicheko. *Delhi Belly* ya 2011 nayo inachekesha mno, ila imejaa matusi na mambo ya chooni. Usiiweke mbele ya wakwe.

Tumejaribu Fargo lakini muziki unapiga kelele, maneno hatusikii. Maandishi ya chini nayo yanachelewa. Tufanyeje? (Msomaji, Ngaramtoni)

Haya ni matatizo mawili.

Tuanze na sauti. Filamu nyingi zina sauti ya njia sita, na maneno ya waigizaji yamewekwa njia ya kati. TV au laptop yenye spika mbili ikishindwa kuzichanganya, muziki unapanda na maneno yanazama. Kwenye TV ingia kwenye mpangilio wa sauti, tafuta sauti ya kidijitali inayotoka, chagua PCM. Kwenye laptop ukitumia programu ya VLC, fungua menyu ya Audio, kisha Stereo Mode, chagua Stereo. Kama faili lina sauti mbili za kuchagua, chukua ile ya njia mbili. Halafu sabufa: punguza besi hadi robo, ongeza kidogo treble. Sabufa zetu zimepangwa kwa ajili ya muziki wa sherehe, na besi ndiyo inayofunika sauti ya mtu anayenong'ona.

Kwenye maandishi, kwanza jina. Faili la maandishi lenye mwisho wa .srt lazima liwe na jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na likae folda moja nayo. TV nyingi hazitalisoma vinginevyo. Kama fleshi yako inakataa faili kubwa la filamu, huenda imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofikia GB 4. Tafuta faili dogo zaidi, au fomati kwa exFAT kama TV yako inaikubali. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu.

Sasa kuchelewa. Pima mara mbili: mwanzoni, na baada ya saa moja. Kama tofauti ni ileile, mfano sekunde mbili kote, rahisi. Kwenye VLC bonyeza G kuyawahisha maandishi au H kuyachelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde mbili ni mibonyezo 40. Lakini kama mwanzoni yako sawa na yanazidi kuachana kadiri filamu inavyokwenda, usipoteze muda na G wala H. Maandishi hayo yalitengenezewa toleo la fremu 25 kwa sekunde na lako ni la fremu 23.976, au kinyume chake. Tofauti ni karibu asilimia 4, na kwenye filamu ya dakika 98 inafika dakika nne mwishoni. Tafuta maandishi ya toleo lako.

Kuhusu watafsiri wanaosimulia filamu kwa Kiswahili kwenye vibanda umiza: ninaiheshimu kazi ile, na Lufufu, mmoja wao, alijenga sanaa kamili kwa sauti yake. Lakini kwenye komedi nyeusi nusu ya kicheko iko kwenye ukimya, na msimulizi anayejaza kila ukimya anaimaliza. Kama kuna asiyejua Kiingereza kati yenu, simamisha filamu, mweleze kwa sentensi mbili, endelea. Msiongee juu yake.

Nimeangalia In Bruges nusu saa, watu wawili wanatembea tu mjini. Nimeacha. Nimekosea? (Msomaji, Kijenge, Arusha)

Umeacha mlangoni. *In Bruges* ni ya mwaka 2008, ya Martin McDonagh, dakika 107. Wauaji wawili wa kukodiwa, Colin Farrell na Brendan Gleeson, wametumwa na bosi wao kujificha kwenye mji wa kale wa Ubelgiji baada ya kazi kwenda vibaya. Mmoja anapenda majengo ya kale, mwingine anachukia kila jiwe. Hiyo nusu saa ya matembezi ni ghala: karibu kila kitu unachoonyeshwa kitatumika baadaye. Mnara wa kengele wenye ngazi nyembamba. Mlinzi wa mlangoni anayekataa kumruhusu mtu apande kwa sababu ana euro 4.90 na kiingilio ni 5. Watalii wanene wanaoonywa kuhusu zile ngazi. Mnara huo upo kweli mjini Bruges na una ngazi 366, kwa hiyo onyo lilikuwa la haki.

Kaa mpaka uambiwe ile kazi iliendaje vibaya. Ni jambo zito, linahusu mtoto, na kuanzia hapo kila mzaha una uzito mwingine. Mwenye jeraha la kufiwa na mtoto usimpe filamu hii bila kumwambia kwanza. Matusi ni mengi mno, mwanzo hadi mwisho.

Sizoni ya Fargo niangalie kabla au baada ya filamu? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Baada. Sizoni ya kwanza, ya mwaka 2014, ina vipande 10 na watu wengine kabisa, lakini kuna kitu kimoja inakichukua kutoka kwenye filamu. Usipoijua filamu hutakiona.

Na sisi Afrika Mashariki hatuna? (Msomaji, Unga Limited, Arusha)

Iliyo karibu zaidi ni *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, ya David "Tosh" Gitonga, dakika 96, kwa Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD kwa kuwaigizia wateja vipande vya filamu. Anakwenda Nairobi kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, analala mahabusu. Huko ndani anapewa kazi ya kusafisha choo cha kutisha, na anavyoigeuza adhabu ile kuwa onyesho ni tukio ambalo ningeliweka karibu na lolote la ndugu Coen. Baadaye anakuwa na maisha mawili: jioni jukwaani, usiku na wezi wa vipuri vya magari. Joseph Wairimu aliyemwigiza alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban.

Niseme wazi kuwa inaegemea zaidi upande wa huzuni, na mwisho wake hauchekeshi. Sheng itawateleza wengine, washeni maandishi ya Kiingereza. Lakini mahali Mwas anapojifunza namna ya kufungua vipuri vya magari, mtu wa Arusha anacheka kwa kutambua kabla hajacheka kwa mzaha, na kicheko cha namna hiyo hakipatikani kwenye filamu ya Minnesota.

Nikipendekeza filamu, nikimaliza kuelezea rafiki zangu wanasema "basi nimeshaiona". Niielezeje? (Msomaji, Njiro)

Taja mambo matatu, kisha nyamaza: mtu anafanya kazi gani, anataka kufanya kosa gani, na tukio moja la robo saa ya kwanza. Kwa *Fargo*: "Meneja wa yadi ya magari ana madeni, anawakodi wahuni wamteke mke wake ili baba mkwe alipe. Kuna damu. Dakika 98." Kwa *Andhadhun*: "Mpiga piano anajifanya kipofu, anaona asichotakiwa kuona." Inatosha kabisa.

Usiseme nani anakufa, hata kwa mafumbo. Usiseme "subiri mwisho", maana umeshamfundisha akae akitegea na hatafurahia katikati. Na usiahidi kuwa atavunjika mbavu. Aliyeahidiwa hivyo anahesabu vicheko, na *Fargo* ina vingi vya ndani, visivyotoka kwa sauti. Mwambie ni ya uhalifu, kicheko kimkute mwenyewe. Ila damu, matusi na mambo ya watoto yaseme mapema. Hayo hayaharibu hadithi, na ukiyaficha hataamini pendekezo lako la pili.

Tunataka kuangalia nje uani, watu kama kumi na tano, kwa projekta. Umeme hukatika. Tujipange vipi? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Kaka, giza kwanza. Jua kwetu linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini msianze kabla ya saa moja na nusu. *Fargo* ina theluji nyeupe inayoonekana hata kukiwa na mwanga, ila matukio yake mawili makubwa ni ya usiku na yatapotea kabisa. Zimeni taa ya barazani na mwombeni jirani naye azime ya kwake.

Shuka moja nyeupe hupitisha mwanga hadi upande wa pili. Wekeni mbili pamoja, au kitambaa cheusi nyuma ya moja, na mfunge pembe zote nne kwa sababu upepo wa jioni unazitikisa sura za watu. Umbali unatokana na namba iliyo kwenye kitabu cha projekta. Kama uwiano wa umbali kwa upana wa picha ni 1.5, picha ya upana wa mita 2 inataka projekta ikae mita 3 kutoka kwenye shuka.

Spika ikae mbele, kando ya shuka, usawa wa masikio ya waliokaa. Tumieni waya wa AUX. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, midomo inatangulia maneno, na hata robo sekunde inatosha kuua mzaha. Kama hamna waya, kwenye VLC bonyezeni J kuiwahisha sauti mpaka ilingane na midomo.

Umeme sasa. Chukulia projekta ya wati 250 na spika ya wati 50, jumla 300. Dakika 98 ni karibu wati-saa 490. Betri ya asidi ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo mna 600. Inveta inakula kati ya asilimia 10 na 15, zinabaki kama 510 hadi 540. Filamu moja ya dakika 98 inapita kwa shida, na *Andhadhun* ya dakika 139 haipiti kabisa. Projekta ndogo ya LED ya wati 80 inabadilisha hesabu: ikiwa pamoja na spika ni wati 130, mnaweza kuangalia zote mbili kwa chaji moja, ila kwa shida. Laptop nayo ichajiwe mchana ijitegemee, msiichomeke kwenye inveta.

Kumi na tano wa nyumbani na marafiki, hakuna neno. Mkibandika tangazo au mkitoza kiingilio, hapo ni onyesho la hadhara: mnahitaji idhini ya mwenye filamu na utaratibu wa Bodi ya Filamu. Anzeni kwa kumwona afisa utamaduni wa halmashauri kabla hamjatangaza tarehe.

Na kwa uani penye watoto wanaopita kulala, wekeni *The Ladykillers*. *Fargo* iangalieni ndani.